Saa Sita ya Ijumaa

Koultoum Houmadi aligusa boneti ya ile Land Rover ya kijani, akaondoa mkono haraka.

Ya moto.

"Ameondoka sasa hivi, mshenzi mkubwa!" alisema peke yake, kisha akaongeza tusi ambalo mama yake, angekuwa hai, angemfinya midomo kwa kulitamka.

Gati la Ankify lilikuwa na shughuli zake za kila siku: abiria, magunia ya kahawa, kuku waliofungwa miguu. Boti iliyombeba mtu wake ilikwisha kuwa kidoa cheupe kinachoelekea kisiwa cha Nosy Be. Siku mbili nzima alikuwa amemfukuza kutoka Mahajanga kwenye barabara ya mashimo matupu, akila mihogo mikavu na vumbi. Sasa walikuwa wamepishana kwa dakika kumi. Dakika kumi tu! Koultoum alilipiga teke gurudumu la gari lile mpaka kidole kikauma.

Saa yake ya Casio ilionyesha saa nne na dakika tano. Alhamisi, mwezi wa Septemba, mwaka 1987.

Alifungua mkoba wa mgongoni, akavuta antena ya redio.

"Kipanga kwa Mnara."

"Mnara nakusikia." Ilikuwa sauti ya Kamanda Abdourahamane, mkuu wake wa idara ya upelelezi kule Mahajanga. "Umempata?"

"Nimepata gari lake. Yeye yuko majini."

"Sikiliza. Kuna yoti bandarini Hell-Ville, huko huko kisiwani, inaitwa Mirabelle. Ina kibali cha kuondoka saa saba. Ikishatoka, sina chombo cha kuikimbiza."

"Haitatoka, Mkuu."

"Koultoum, usimuue. Namtaka aweze kuongea."

Alizima redio bila kujibu.

Mwenye boti wa kwanza aliyemwona alikuwa baba mmoja mnene, jina lake Soulé, aliyekuwa akifuta mashine yake ya Yamaha kwa kitambaa. Koultoum alimwonyesha kitambulisho cha idara. Soulé alikitazama, akamtazama yeye, akatazama umbo la bastola ya Makarov chini ya blauzi yake.

"Bweni, unamtafuta yule vazaha mwenye makasha?" aliuliza kwa Kimalagasi. Bweni ni bibi kwa Kingazija, na vazaha ndivyo wanavyomwita mzungu huko.

"Huyo huyo."

"Panda. Hakunipendeza. Kabla ya kupanda boti alisimama pale mwisho wa gati akakojoa baharini mbele ya akina mama. Mkojo mwekundu, wallahi, kama wetu tulipokuwa wadogo."

Koultoum, aliyekuwa na mguu mmoja botini, alisimama.

"Mwekundu? Una hakika?"

"Macho yangu mazima, Bweni."

Aliruka ndani. "Ondoa. Kasi yote."

Yamaha ilinguruma. Maji ya chumvi yaliwachapa usoni njia nzima.

Mtu aliyekuwa akifukuzwa hakuwa mwuza bunduki wala mwuza almasi. Alikuwa daktari. Lemarchal ndilo jina lake, mtafiti wa kichocho, na ndiyo maana Koultoum alikuwa na hasira isiyomezeka.

Kichocho ni ugonjwa wa maskini. Mtoto anaingia kwenye jaruba la mpunga, vimelea vinavyotoka kwa konokono vinapenya ngozini, minyoo inakua ndani, na baada ya miezi anakojoa damu. Watu wa huko wameuzoea kiasi kwamba wengine hudhani ni sehemu ya kukua. Dawa ipo. Inaitwa prazikwantel, mtoto anameza mara moja na mara nyingi inatosha. Vidonge elfu arobaini vilifika Mahajanga kwa msaada, vya watoto wa mkoa mzima.

Lemarchal akaviweka chini ya utafiti wake. Watoto mia nne na kumi na wawili ndio walioandikishwa. Nusu wapewe dawa hiyo, nusu wapewe dawa mpya ya kampuni iliyomleta, kisha wahesabiwe mayai ya minyoo kwenye mkojo. Jumatatu iliyokuwa inakuja, ripoti ingesomwa makao makuu ya Wizara ya Afya: dawa ya zamani imeshindwa Madagaska, nunueni mpya.

Ilishindwa kwa sababu haikutolewa. Watoto walipewa chaki, na dawa yenyewe akabaki nayo kwenye makasha yake.

Laïla, binti wa dada yake Koultoum, alikuwa mmoja wao. Ana miaka tisa. Koultoum hakuzaa, na mtoto huyo ndiye aliyekuwa akimlalia mapajani kila aliporudi safari. Miezi mitatu baada ya kumeza vidonge, Laïla alikuwa bado anatoka chooni akilia, ameshika tumbo.

"Dawa yenyewe haikuwa na ladha yoyote, mama mdogo," alisema.

Haikuwa na ladha! Prazikwantel ni chungu, hata watu wazima huitapika. Koultoum aliomba kidonge kimoja kilichobaki, akakisugua ukutani kwa dada yake pale mtaa wa Tsaramandroso, Mahajanga. Kilichora mstari mweupe, ulionyooka vizuri.

Asubuhi iliyofuata aliingia ofisi ya utafiti kwa ufunguo bandia, akakuta kabati tupu na daftari moja lililosahauliwa. Alilichukua. Lilikuwa limeandikwa vizuri mno. Mayai ya kichocho hutoka kwa wingi mchana, kati ya saa nne na saa nane, kwa hiyo mtafiti anayejua kazi huchukua mkojo saa sita. Lemarchal alijua kazi. Ukurasa mmoja ulisema kwamba tarehe kumi na tisa Juni, saa sita hadi saa saba, alipokea vikombe sitini na viwili kutoka kwa wavulana wa madrasa ya Fundi Ousséni, mwalimu wa Kurani.

Tarehe hiyo ilikuwa Ijumaa.

Koultoum alizaliwa mtaa ule. Familia yake ni Wangazija waliobaki Mahajanga hata baada ya mauaji ya wenzao ya mwaka 1976, wengine walipoondolewa kwa ndege. Hakuna mvulana wa Fundi Ousséni ambaye Ijumaa saa sita hayuko msikitini. Wagonjwa hubebwa. Lemarchal alikuwa ametunga matokeo akiwa amekaa kwenye kiti chake, akaikumbuka sayansi na kuwasahau watu.

"Hell-Ville!" Soulé alipiga kelele.

Saa tano na nusu.

Mirabelle ilikuwa imefungwa gatini, nyeupe, safi, winchi yake ikiinua wavu wenye makasha. Juu ya kila kasha palipigwa muhuri: MAFUTA YA LANGILANGI. Ofisa wa forodha alikuwa akipeperusha karatasi zake kukausha wino.

"Kila kitu kiko sawa," alimwambia Koultoum bila kumtazama. "Kibali, sahihi, muhuri. Hayo ni manukato, mama."

Soulé alikuwa amemfuata nyuma akihema. Alivuta pua mara mbili.

"Manukato gani hayo? Mke wangu anachuma langilangi miaka kumi na tano. Kasha moja likipita barabarani unalijua ukiwa umelala. Haya hayanukii hata kidogo."

Ofisa alivuta hewa. Uso ukambadilika.

"Loo!"

Baharia mmoja wa Mirabelle aliona hali si shwari. Akaruka gatini na nondo mkononi.

Koultoum aliinama. Nondo ikapita hewani. Akampiga teke la goti, akamshika ukosi, akamwachia aanguke uso kwanza kwenye lundo la kamba. Soulé akamkalia mgongoni, na uzito ule ulitosha.

Makarov ilikuwa imeshatoka.

"Lemarchal! Shusha wavu gatini, taratibu."

Daktari alisimama kando ya winchi, mkono kwenye breki. Mrefu, amechomwa na jua, kaptura ya khaki. Makasha yalining'inia juu ya maji.

"Tupa bastola," alisema kwa Kifaransa, "au naachia. Kina hapa ni mita nane. Vidonge vitakuwa uji kabla hujaita mpiga mbizi."

Alikuwa anasema kweli. Koultoum alimwona Laïla ameshika tumbo. Hasira ilimpanda mpaka masikioni, kidole kikamwasha kwenye kifyatulio. Risasi moja ingemaliza mtu, na breki ingeachia vilevile.

Alishusha bastola polepole, akaiweka chini.

"Unakojoa damu tangu lini, Daktari?"

Lemarchal alikaza mkono kwenye breki.

"Uliingia majarubani kukusanya konokono, bila mabuti. Dawa yenu mpya unayo. Bila shaka umeshaimeza."

Taya la Lemarchal lilicheza.

"Mara ngapi? Mara mbili? Na asubuhi ya leo bado ni mwekundu. Unajua haifai kitu, ulijua kabla ya kuandika neno moja la ripoti yako!" Alisogea hatua moja karibu na yoti. "Haya, achia. Dawa yako nawe imo humo humo. Achia, tuzame sote."

Daktari alitazama wavu.

Sekunde mbili tu. Alitazama kama mgonjwa yeyote anavyotazama dirisha la dawa, na vidole vikalegea kwenye breki.

Zilitosha. Koultoum aliruka ukingo wa yoti, kiwiko kikatua shingoni mwa Lemarchal, mkono mwingine ukadaka breki na kuibana. Wavu uliyumba, ukagusa maji kwa pembe moja, ukatulia. Akampiga ngumi ya pili, ambayo haikuwa ya lazima. Aliipiga hata hivyo.

Makasha yaliposhushwa gatini, alivunja moja kwa ile nondo, akafungua kopo, akagusisha kidonge ulimini.

Akatema. Uchungu ulimfika kooni, machozi yakamlenga.

"Kipanga kwa Mnara. Mzigo ninao, na mtu ninaye. Anaongea."

"Mzima?"

"Ana michubuko, Mkuu. Aliteleza."

Ijumaa, saa sita mchana, Tsaramandroso.

Kwenye uwanja wa madrasa palikuwa na meza, mizani, na makasha kumi na mawili. Nesi Charifa alikuwa akipanga vikombe vya maji. Lemarchal, aliyeletwa na ndege ndogo ya jeshi, alikaa benchini kwa pingu kati ya askari wawili, akisubiri kupelekwa makao makuu ya idara jioni. Kaptura yake ilikuwa na doa.

Hapakuwa na mtu mwingine hata mmoja. Sauti ya hotuba ilisikika kutoka kipaza sauti cha msikiti.

"Hakuna mtu kwenye foleni," Lemarchal alisema. "Inaniuma. Nipe vidonge vyangu sasa."

Koultoum alimfungulia daftari mapajani, penye ukurasa wa tarehe kumi na tisa Juni. Akaweka kalamu juu yake.

"Umeona mwenyewe. Ijumaa saa sita hapa hapana mtoto. Andika hivyo, chini ya mwandiko wako, utie sahihi."

Lemarchal aliinua macho, akautazama uwanja mtupu. Kisha akaandika.

"Nimeandika. Nipe."

"Utapewa. Walioandikishwa ni mia nne na kumi na wawili. Wewe ni wa mia nne na kumi na tatu."

"Itachukua saa nzima! Saa mbili!"

"Wao wamesubiri miezi mitatu."

Sala ilipokwisha, mlango wa msikiti uliwamwaga wavulana, na wasichana wakatoka majumbani na mama zao. Walijipanga wakisukumana. Oumi, mama yake Laïla, alimvuta binti yake kuelekea mezani, akitarajia dada yake amsogeze mbele. Koultoum alitikisa kichwa, akaonyesha nyuma. Laïla akawa wa themanini na saba, na Koultoum akasimama pale mpaka ikafika zamu yake.

Mtoto alipimwa uzito, akatafuna badala ya kumeza, kisha uso mzima ukamkunjamana.

"Aka! Mama mdogo, chungu!"

"Chungu?"

"Chungu sana!"

"Kunywa maji, mwanangu. Usiteme."

Laïla alimeza, akatoa ulimi kuonyesha kwamba umebaki mtupu. Koultoum alimpangusa midomo kwa pembe ya leso, akatia daftari mkobani, akapita mbele ya benchi la Lemarchal bila kugeuza shingo. Nyuma yake watoto walilalamika mmoja mmoja, chungu, chungu, chungu, naye akatembea taratibu mpaka barabarani.