Sauti Ndani ya Gemu la Nyota

Haya yalimkuta fundi simu wa mtaani kwetu, yule tuliyemwita Kioo kwa sababu kubadilisha vioo ndiyo kazi aliyoiweza kuliko wenzake wote. Kibanda chake kilikuwa kimegandana na saluni ya mkewe, ukuta wa mbao tu katikati, na binti yao wa pekee alishinda akizunguka huku na huku. Mtoto yule alikuwa na mdomo, jamani! Akitoka shule anaanza kusimulia kabla hajavua viatu, na akimaliza anarudia, maana labda hukusikia vizuri. Ndiyo maana akaitwa Chiriku.

Mchana mmoja akaja mama mtu mzima, mrefu, amevaa sweta na jua lile lote. Akaweka tableti mezani. Kioo chake kilikuwa kimepasuka vibaya.

"Nibadilishie kioo tu, mwanangu," alisema. "Vya ndani usiguse. Usifute kitu."

"Ondoa shaka, mama. Kioo tu."

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Alipomaliza alitaka kuona kama kioo kipya kinashika pembe zote, na mafundi hujaribu kwa kupitisha kidole kila mahali. Mle ndani hamkuwa na kitu ila gemu moja la kufundisha nyota. Anga jeusi, muziki wa taratibu, na sauti ya mvulana ikisema kwa upole, "Unganisha nyota. Usiwe na haraka." Ukiunganisha sawasawa, mchoro unatokea na unaambiwa jina lake: Kilimia, Nge, Msalaba wa Kusini. Kioo akaona amepata pa kujaribia. Akamwita binti yake, ambaye vidole vyake havikujua kutulia.

"Cheza mpaka nikwambie basi. Ukiona mahali hapashiki, sema."

Yule mama hakurudi kesho yake, wala wiki ile. Chiriku akaendelea kucheza, na nani angemkataza? Gemu halina bunduki, halina damu, tena linafundisha! Mwalimu wake alimwambia Kioo kwamba mtoto anazijua nyota kuliko darasa zima, na Kioo akavimba kichwa, akawatangazia wateja wote.

Aliyeshtuka kwanza ni mkewe. Mikono ya msusi iko kwenye nywele za mtu, lakini masikio yake yako kila mahali. Alimwacha mteja na kichwa nusu, akaja kusimama mlangoni.

"Baba Chiriku," alinong'ona. "Mtoto amesema lini mara ya mwisho?"

Kioo akacheka. Si huyo hapo, tangu asubuhi anaongea? Akageuka kumwonyesha. Binti yake alikuwa amekaa kwenye kigoda, midomo imefungwa kabisa. Sauti ilikuwa inatoka kwenye tableti.

"Unganisha nyota. Usiwe na haraka, baba."

Ilikuwa sauti ya Chiriku.

Wakampokonya. Hakulia, hakununa, aliacha tu mikono wazi mapajani. Hospitali walimpima koo, wakampima masikio, wakasema mtoto ni mzima, labda kuna kitu kimemtisha, mpeni muda. Waliporudi, tableti ilikuwa inazungumza peke yake ndani ya droo.

Kioo akaizima. Ikaendelea. Akaifungua, akachomoa betri, akaiweka mbali mezani. Skrubu zikamponyoka, yeye aliyezoea kushika zilizo ndogo kuliko punje ya mchele.

"Baba," ikasema. "Huku kuna baridi."

"Irudishe kwa mwenyewe," mkewe alisema, machozi yanamtoka. "Nakuomba. Mtafute yule mama."

"Nimtafute wapi? Namba aliyoacha haipatikani."

Fundi akishindwa na ugonjwa wa simu, anaiflashi. Anafuta kila kilichomo, inaanza upya kama imetoka dukani. Kioo alikuwa amefufua simu nyingi kwa njia hiyo. Akajiambia, kilichomshika mwanangu kimo humu, na nikikifuta kitamwachia. Hakuona pengine pa kushika. Akarudisha betri, akachomeka waya kwenye kompyuta.

Sauti ikabadilika. Ikaanza kwenda mbio, vile vile Chiriku alivyokuwa akitoka shule.

"Baba subiri. Nimeona njia. Kuna kaka huku ananionyesha, tunaunganisha ya mwisho. Baba, nakuja. Usi..."

Linanidanganya, akawaza Kioo. Akabonyeza.

Kimya.

Kwenye kigoda, mabega ya mtoto yakashuka. Macho wazi. Anapumua. Mama yake akamwita kwa jina lake, kisha kwa jina la utani, kisha akawa anamtikisa tu.

Jua halijatua, yule mama wa sweta akatokea mlangoni, amekonda, mkono una plasta ya hospitali. Akamtazama mtoto. Akatazama skrini nyeupe.

"Umefuta?"

Kioo akachomoa waya. Yule mama akashuka polepole, akakaa sakafuni.

"Mvulana wangu alikuwa bado ananijibu humo," alisema.

"Kwa nini hukutuambia?" mke wa Kioo alimpigia kelele. "Kwa nini?"

"Ningewaambia nini, wanangu? Mngenisadiki?"

Chiriku yupo mpaka leo. Ukimlisha anakula, ukimshika mkono anatembea. Kioo bado anafanya kazi, maana tumbo halina msiba. Ila kila kioo kipya anachofunga, kabla hata mteja hajakishika, kinakuwa na alama za vidole. Anafuta, hazitoki. Ziko kwa ndani. Anakifungua, anasafisha kwa spiriti, anafunga, zinarudi. Za vidole vidogo anazijua, kimoja kina kovu la pasi ya nywele ya mama yake. Pembeni yake kuna za vidole vikubwa kidogo. Wateja wakiuliza, anasema ni za kiwandani.

Siku moja mkewe alimkuta akiwa ameweka kidole chake juu ya kile chenye kovu, akikisogeza taratibu, na alama ya ndani inamfuata. Alirudi saluni, akakaa kwenye kiti cha wateja, akalia.

Siku hizi alama zinakuja zimefifia.