Panya Wanne Waliopelekwa Nyakitonto

Kufuli lilikuwa zima. Dirisha zima. Panya wanne hawapo.

Inspekta Ridhiwani wa Kasulu alitazama kizimba kitupu akijizuia kucheka. Hadi mwaka huo wa 2014 alikuwa ameshapeleleza wizi wa ng'ombe, pikipiki, hata mlango wa choo. Wizi wa panya, ndiyo kwanza.

"Usicheke, Inspekta," alisema Dokta Asmahani, mtafiti mwenye maabara. "Kazi yangu yote imo matumboni mwao."

"Wana nini?"

"Mafuta. Majike wa kundi la kwanza niliwapasua nikawatoa ovari, yaani mifuko ya mayai. Wa pili niliwapasua nikawashona tu. Wote wanapimiwa chakula kilekile. Wa kwanza wananenepa, wa pili hawanenepi."

"Kilekile?" Ridhiwani alisogea. Yeye mwenyewe alikuwa na kitambi cha kuheshimika, na siku zote lawama alimtupia muuza chipsi.

"Kilekile. Ovari hutoa homoni inayosaidia mwili kuamua utumie kiasi gani na uweke akiba kiasi gani. Ikiondoka, mwili unakuwa bahili. Unajiwekea mafuta."

"Walioibwa ni wa kundi lipi?"

"Wawili wanene, wawili wembamba. Na kikombe cha kupimia chakula."

Hapo udadisi ukamshika hasa. Mwenye uchu wa kitoweo angebeba wanono tu. Mfugaji angetafuta na dume. Huyu alichukua wanene, wembamba na kipimo, kama mtu anayetaka kumwonyesha mwenzake jambo.

Alimfuata Mzee Bazilio, mtunza wanyama, nyumbani kwake.

"Ufunguo anao nani?"

"Mimi na dokta."

"Hapa unaishi na nani?"

"Mke wangu. Na binti yangu, Esteri."

"Hajaolewa?"

"Aliolewa Nyakitonto. Amerudishwa."

"Kwa kosa gani?"

Mzee aliinamisha kichwa. "Wanasema mdokozi. Eti wenzake wakienda shambani yeye anafunua vyungu. Mwili umejaa, afande, lakini mwanangu hali zaidi ya wenziwe. Jina hilo likikuganda huku kwetu, hata wadogo zako hawaposwi."

Ridhiwani aliwakumbuka panya wanene. "Alipasuliwa?"

Mzee alishtuka. "Ego, afande. Ndiyo. Uvimbe. Wakatoa na mifuko ya mayai, yote miwili."

"Wakwe wanajua?"

"Wanajua uvimbe tu."

"Na panya wako kwao."

Machozi yalimtoka mzee wa watu. "Nyakitonto. Ni mimi niliyewaiba. Nilimwambia mama mkwe wake: wanene hawa walipasuliwa, kama Esteri. Wapimie kwa mkono wako, uone kama wanadokoa. Dokta ningemwambia nini? Aibu ya nyumba haitembezwi."

Siku ya kikao cha wakwe cha kuamua ndoa ya Esteri, Inspekta aliwapakia wote garini kwenda Nyakitonto: mzee, binti na dokta. Panya walikuwa hai barazani, na Mama Josepha, mama mkwe, alikuwa na kikombe mkononi.

"Nimepima mwenyewe," alisema. "Wanene hawakuzidishiwa hata punje."

Bazilio akavuta pumzi ya faraja. Mapema mno. Theonest, mume wa Esteri, alikuwa amechuchumaa, panya mwembamba kiganjani, akimpapasa tumbo.

"Baba mkwe, huyu naye ana kovu. Wote wanne wanalo. Kama ni kupasuliwa, mbona wawili hawakunenepa?"

Dokta Asmahani alitaka kujibu. Esteri akamzuia kwa mkono.

"Wale walishonwa tu. Wanene walitolewa mifuko ya mayai, kama mimi. Hawazai tena. Nami sitazaa tena."

Theonest alimrudisha panya kwa wenzake, asimtazame mtu.

"Mwanangu," Bazilio alinong'ona, "ungenyamaza."

"Hapana, baba. Wewe umeiba ili mimi nisiitwe mwizi. Waniite tasa, nitavumilia kwa sababu ni kweli. Kudokoa sikudokoa."

Ridhiwani alikuwa na pingu mfukoni. Hakuzigusa.

Mama Josepha aliinuka, akaingia jikoni. Alitoka na ugali wa muhogo na dagaa, akautua mbele ya Esteri, akamnawisha mikono yeye mwenyewe.

"Kula, mwanangu," alisema. "Kula mbele za watu."