Wanne Kwenda, Watatu Kurudi

Aliyekalia miwani ya dereva ndani ya gari alikuwa bibi harusi, na bibi harusi haambiwi inuka. Ndiyo maana saa sita mchana, jengo la maduka likiwa limefurika watu, mwanamume wa suti nyeusi na tai nyekundu aliingia duka la miwani akiwa na vipande viwili kiganjani kama aliyebeba kifaranga cha mguu mbovu. Akapapasa kaunta mpaka akaugusa mkono wa fundi.

"Samahani, mama."

"Mama yuko nyumbani," fundi akajibu. "Mimi nina miaka ishirini na saba."

"Nisamehe dada. Bila miwani naona vivuli tu."

"Na kivuli changu ni cha mama?"

"Kivuli chako ni kizuri sana. Nimeogopa kukisifu, nikidhani ni cha mama wa watu."

Fundi alicheka mpaka bisibisi ikamponyoka. Alikuwa amevaa gauni la kijani chini ya koti jeupe la kazi, na penseli imechomekwa kwenye nywele. Alibadilisha mkono wa miwani, akakaza skrubu, akafuta lenzi, kisha akamvisha mwenyewe. Dereva akafumba macho, akafumbua.

"Lo! Na huyu ndiye nimemwita mama?"

"Lipa uende, kaka. Foleni inakungoja. Na hiyo tai ya nini na joto lote hili?"

"Tai ni sehemu ya gari. Kampuni yetu inawapeleka watu uwanja wa ndege kwa heshima zao. Mlango unafunguliwa, begi linabebwa, maji ya kunywa yapo. Dereva asiye na tai ni kama gari lisilo na bampa."

Tangu siku hiyo akawa Bwana Tai. Naye akamwita Mboni, kwa kuwa ndiye aliyemrudishia macho yake. Miwani ile ikaanza kulegea skrubu kila wiki, tena siku za mapumziko ya dereva, na fundi mwenye akili zake timamu hakuuliza kwa nini.

Miezi minane walipendana hivyo. Kila jioni aliyomsindikiza, Tai aliishia kwenye kona, karibu na duka la dobi, hatua chache kabla ya geti la bluu la kwao Mboni.

"Lini nitapiga hodi, Mboni?"

"Subiri kidogo, mpenzi."

"Kidogo chako kina mvi sasa."

Tatizo halikuwa Tai. Tatizo ni kwamba nyumbani aliitwa Mdogo, na Mdogo hakuwa na kauli. Alikuwa kitinda mimba. Baba alipofariki, nyumba ikabaki na wasemaji wawili. Mjomba, ndugu mdogo wa Mama, alijitwika uamuzi wa kila jambo. Shangazi, dada wa marehemu, alijitwika kulitangaza. Mama alikaa kimya akifuma. Ukimya ule Mdogo aliurithi pamoja na vidole.

Kwa hiyo siku Dada Mkubwa, aliyeolewa ng'ambo, alipojifungua mapacha na kulia kwenye simu kwamba hana wa kumsaidia, kikao kilikuwa kifupi. "Mdogo atakwenda," Mjomba alisema. "Mdogo atakwenda!" Shangazi akawaeleza majirani. Pasi ikashughulikiwa, viza ikatoka, tiketi ya kwenda tu ikatumwa. Mdogo alikaa palepale kwenye kochi, kikombe mkononi, akingoja mtu amuulize. Hakuulizwa. Kimya chake kikahesabiwa ndiyo, na akishapongezwa mtu na majirani, kurudi nyuma ni sawa na kuvua nguo sokoni.

Kumwambia Tai hakuweza. Alijua atamuuliza swali moja tu, na jibu lake lilikuwa limemkaa kooni kama mfupa. Wiki moja kabla ya safari Tai alimpigia simu, na kwa mbali Shangazi akasikika akipaza sauti, "Sanduku la safari limetosha?"

"Nani anasafiri, Mboni?"

"Ni... Shangazi. Shangazi anasafiri."

"Anaenda wapi?"

"Mbali kidogo."

"Mboni, una jambo unanificha."

"Mbona unanihoji kama askari?" Akakata. Kisha akalia, maana aliyemfokea ndiye pekee aliyekuwa ameuliza kitu. Hawakuzungumza tena.

Mjomba hakutaka mtoto wa marehemu asindikizwe kienyeji. "Kodi gari la heshima," alimwagiza. "Dereva awe na suti." Mdogo akajikuta anapanga mwenyewe gari la kumwondoa. Akaikwepa kampuni ya Tai, akapiga nyingine ya upande wa pili wa mji. Binti wa ofisini alikuwa na sauti tamu.

"Mtakuwa wangapi, dada?"

"Wanne."

"Mabegi?"

"Mawili makubwa."

"Dereva awangoje awarudishe?"

"Ndiyo."

"Kurudi wangapi?"

Mdogo alitazama dirisha la chumba chake, lenye nondo zilizopakwa rangi nyeupe. "Watatu," alisema.

"Haya, wanne kwenda, watatu kurudi. Jina la anayekodi gari na namba ya simu?"

Akatoa za Mjomba. Asichokijua ni kwamba kampuni hizi huazimana magari kama majirani wanavyoazimana ungo. Ikizidiwa moja, nyingine inapeleka dereva wake. Ujumbe wa kueleza mabadiliko ulitumwa kwenye simu ya Mjomba, na Mjomba ujumbe hasomi, anasema unamuumiza macho.

Siku ikafika. Baada ya chakula cha mchana gari jeupe la viti saba liliegesha mbele ya geti la bluu. Mdogo alikuwa amevalishwa gauni la rangi ya maziwa alilochaguliwa na Shangazi, limembana kwapani. Alitoka akiburuta begi, akainua macho, akaiona tai nyekundu.

Tai naye alimwona. Alitazama lile gauni, na begi. Wala hakutikisika, kwa sababu dereva wa kazi hii hamjui abiria, hata awe mama yake mzazi.

"Karibu, abiria," alisema, akampokea begi bila kumgusa vidole.

Mjomba alikaa mbele. Nyuma, Mdogo akawekwa katikati ya Mama na Shangazi, mkanda ukamkata kifuani. Milango ikajifunga yenyewe, tak! Tak ile aliisikia mpaka magotini.

Hawajafika mbali, spika zote za gari zikaita. Kwenye skrini iliyo katikati ya dashibodi, mbele ya Mjomba, pakaandikwa OFISI, na sauti ya mwanamume ikajaa gari zima: "Dereva, umeshapakia?"

"Nimeshapakia. Wanne," Tai akajibu. Akamgeukia Mjomba. "Samahani mzee. Simu yangu imeungwa na gari, ofisi wanatufuatilia."

"Teknolojia hiyo!" Mjomba akafurahi.

Mama, aliyevaa viatu vya kufunika ambavyo watoto wake hawakuwahi kuviona, aliinama mbele. "Eti baba, ndege ikipaa masikio yanauma kweli?"

"Kidogo tu, mama. Ukimeza mate yanafunguka."

"Na baridi ya huko? Inaingia mpaka ndani ya nyumba?"

"Dada, wewe baridi ya huko ya nini?" Mjomba akamkatiza. Mama akarudi nyuma, akashika mfuko wake wenye kofia ndogo mbili za sufi alizofuma.

Shangazi hakupenda kimya. "Dereva, huyu mtoto wetu anaenda kulea mapacha wa dadake. Lakini mimi nakwambia, hatalea wa mwenzake muda mrefu. Kuna rafiki wa shemeji yake, mwenye duka la matairi, ndiye atakayempokea. Picha ameletewa, amesema haina shida."

Mdogo aligeuka. "Picha gani, Shangazi?"

"Ile ya pasi."

"Na nani amesema mimi..."

"Hee! Mwanaume ana duka zima la matairi, wewe unauliza nani amesema?"

Kwenye kioo cha juu Mdogo aliyaona macho ya Tai. Taa nyekundu zilipowasimamisha, Tai alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai, taratibu, muda mrefu kuliko uchafu wowote wa kioo. Alipoivaa tena hakutazama nyuma. Mdogo akajua ameshahukumiwa: mwanamume yule anaamini kwamba miezi minane alikuwa akichezewa huku matairi yakisubiri ng'ambo.

Akataka kupiga kelele. Sauti haikuja. Kulia kwake Shangazi anapepea leso, kushoto Mama anabana mfuko, mbele mgongo mpana wa Mjomba, na mbele zaidi foleni ya kuingia uwanjani. Ndege moja ilipita juu, chini kabisa, ikatikisa vioo. Alijaribu kusema "simamisha". Ulimi ukamgomea, kama ulivyomgomea kwenye lile kochi.

Lakini kidole hakikugoma. Aliingiza mkono kwenye pochi, akaitafuta simu kwa kupapasa, kama mtu asiye na miwani, akabonyeza.

Spika zikaita. Kwenye skrini, mbele ya Mjomba, ikatokea picha ya msichana mwenye koti jeupe na penseli kwenye nywele, anacheka. Chini yake pakaandikwa: MBONI YA JICHO LANGU.

Tai akashtuka, gari likayumba kidogo. "Samahani mzee, hii ni simu yangu binafsi. Nitaikata."

"Ngoja kwanza." Mjomba alisogeza uso karibu na skrini, akarudisha nyuma, akasogeza tena. Kisha akageuka polepole kutazama kiti cha nyuma. "Huyu si... Mdogo?"

"Pokea!" Shangazi akafoka. "Pokea tusikie!"

Tai akapokea.

"Haloo," alisema Mdogo kutoka kiti cha nyuma. "Haloo," zikasema spika baada yake, na gari zima likapiga mluzi.

"Haloo. Nani mwenzangu?" Tai aliuliza kwa sauti ya kazi, lakini masikio yalikuwa yamemwiva.

"Mimi. Niko nyuma yako."

"Nakuona. Umefunga mkanda?"

"Nimefunga. Unanibana, mpenzi."

"Mpenzi!" Shangazi alishika kichwa.

"Huyo wa matairi simjui," Mdogo akaendelea, simu ameikandamiza sikioni, maneno yakitoka sasa kama maji ya bomba lililozibuka. "Nimemsikia leo, pamoja nawe. Safari niliijua. Nilikuficha kwa sababu ningekwambia ungeniuliza swali."

"Swali gani?"

"Unalijua."

Gari la nyuma likapiga honi, Tai akasogea hatua mbili, akasimama.

"Haya, nakuuliza. Unataka kwenda, Mboni?"

Mdogo alimeza mate. Masikio yakafunguka.

"Sitaki," alisema. "Nampenda dada yangu, nawapenda watoto wake, na sitaki kwenda. Hakuna mtu aliyeniuliza mpaka leo."

Spika zikairudia "mpaka leo". Mjomba akapata sauti yake. "Huu ni utovu wa adabu! Mapacha wana mwezi mmoja! Unataka dadako afe na kazi? Nani atakwenda?"

"Mimi," alisema Mama.

Alisema kwa sauti ndogo hivi kwamba ilibidi arudie. "Mimi nitakwenda. Wale ni wajukuu zangu. Nani aliniuliza?"

"Dada, umri wako..."

"Umri wangu ndio uliokubeba wewe mgongoni. Nilipokubeba nilikuwa nakuuliza: unasikia njaa, unataka kulala? Wewe tangu umebeba nyumba yangu hujaniuliza hata naelekea wapi." Akaitoa kofia moja ya sufi, akaiweka gotini, akainyoosha. "Pasi itapatikana. Viatu ninavyo."

Shangazi mwenyewe hakuwa na neno, na hilo halijawahi kuandikwa popote. Hatimaye Mjomba akasema, bila kumtazama mtu, "Dereva, geuza gari."

"Nisamehe, mzee," Tai akajibu. "Mwenye safari ndiye wa kuniambia."

Wote wakamgeukia Mdogo. Simu ilikuwa imeshuka mapajani. Safari hii hapakuwa na spika wala skrini ya kumsaidia, yeye na koo lake tu.

"Geuza," alisema.

Dada Mkubwa walimpigia wakiwa bado barabarani. Alilia, akasema wamemtupa, akakata simu. Mdogo akalia pia, kwa sababu hilo lilikuwa kweli kidogo, na uhuru wake haukulifuta. Mama alimpapasa goti. "Atanuna, kisha nitafika," alisema.

Ofisi nayo ikauliza: "Dereva, uko njiani kurudi? Ni watatu?"

"Wanne," alisema Tai. Hakueleza zaidi.

Kwenye geti la bluu alifungua mlango, akashusha mabegi, akayapanga barazani. Mjomba alimsubiri, mikono nyuma. "Kijana, una la kutueleza."

"Ninalo, mzee. Lakini nikiwa kazini siruhusiwi kumwomba abiria chochote. Asanteni kwa kusafiri nasi."

Akaingia kwenye gari, akaondoka. "Amekimbia!" Shangazi akatangaza, sauti imemrudia. Mdogo alisimama nyuma ya geti, gauni limembana. Ina maana hajamsamehe? Alisikia gari likifika kwenye kona, karibu na duka la dobi. Likazimwa. Mlango ukafungwa. Kisha viatu vikasikika vikirudi.

Vikaipita kona. Vikasimama.

"Hodi!"

Kupitia upenyo wa geti aliliona shati jeupe, shingo wazi, tai imekunjwa mkononi. Nyuma yake Mjomba alikohoa, akijiandaa kuuliza ni nani na anataka nini.

"Karibu," alisema Mdogo, akafungua.