Pampu Mpya na Shamba la Mama

Mume wangu jina lake la mtaani ni Kioo. Alipewa jina hilo kwa sababu ya trekta lake. Kila jioni analiosha, analifuta, analing'arisha mpaka ukipita karibu unajiona uso. Lakini mimi mkewe nikimwomba anifutie meza, oo, mgongo unamuuma! Haya, ndiyo maisha yetu, na tunacheka sana.

Kazi yetu ni kupulizia dawa ya magugu mashambani. Nyuma ya trekta kuna tangi, pampu na bomba refu lenye nozeli ishirini. Nozeli ni vile vitundu vinavyotawanya dawa. Kioo anaendesha. Mimi nachanganya dawa, nimevaa glavu, buti na barakoa.

Msimu uliopita tulipulizia shamba la mama yangu mzazi. Jamani, aibu! Magugu yaliota kwa mistari, shamba zima. Majirani walimwuliza mama kama amepanda nyasi makusudi. Mama ni mtu wa utani, lakini siku ile hakucheka. Aliyalima magugu yale kwa jembe, na goti lake bovu.

Sasa mahindi yamepandwa tena. Asubuhi mama alifika kwetu, akasimama mlangoni. Hata kiti alikikataa.

"Mkwe wangu," alimwambia Kioo, "nakupa nafasi hii moja. Yakiota tena kwa mistari, shamba nalikodisha kwa watu wengine. Goti langu halitaki jembe tena."

"Mama, usiwe na wasiwasi," alijibu Kioo. Lakini nilimwona jasho linamtoka. Shamba lile ndilo linalotulisha sote, mama, sisi na watoto. Na dawa lazima ipigwe kabla magugu hayajachipua.

Mama alipoondoka tu, Kioo alirukia kofia yake.

"Nakwenda dukani. Nimeona pampu moja huko, mke wangu, kubwa kama ndama! Hiyo itayakomesha magugu yale."

"Ngoja kwanza," nilisema. "Nampigia wifi."

Wifi yangu, yaani dada yake Kioo, ni fundi wa mitambo ya shamba. Tunataniana tangu siku niliyoolewa. Alifika na mkoba wake wa vifaa, akalitazama trekta.

"Kaka, limependeza kweli. Posa imeshaletwa?"

Kisha akafungua mfuniko wa tangi na kuchungulia. Akakunja pua.

"Hii nini humu ndani?"

"Dawa iliyobaki juzi," alisema Kioo. "Naihifadhi. Kwa nini niitupe?"

"Kaka yangu! Umemwosha bibi harusi uso, tumbo umemwachia uchafu!"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kioo alinuna kidogo, halafu naye akacheka.

Wifi alitueleza taratibu. Dawa yetu ni ya unga. Unga huo hauyeyuki kabisa kwenye maji. Ukiachwa, unatuama chini na kugandamana. Trekta likiwashwa, pampu inauvuta unga ule, nao unasugua kama mchanga.

Tulivaa glavu, tukaipulizia dawa ile kwenye ukingo wa shamba letu wenye magugu, mbali na kisima. Tukasuuza tangi na kuweka maji safi. Kioo akawasha trekta. Nozeli za katikati zilitoa maji vizuri. Za mwishoni zilidondosha tu, kama mtoto anayeota meno. Sindano ya geji ya presha ilitetemeka muda wote.

"Mistari ya mama mkwe hiyo hapo," alisema wifi. "Zima trekta."

Injini ilipozimika kabisa, aliifungua pampu. Ndani kulikuwa na rola ndogo za plastiki, yaani vigurudumu vinavyosukuma dawa. Zilikuwa zimelika, na ukuta wa pampu umejaa mikwaruzo.

"Hii imekwisha. Aina hii ni nzuri kwa dawa za maji, zinazoyeyuka. Dawa ya unga inaimaliza haraka."

"Si ndiyo nasema tununue ile kubwa!" Kioo aliruka.

"Kubwa kwa ajili ya nini? Ile ni ya kuvuta maji bwawani. Inatoa maji mengi, presha hamna. Usinunue pampu kwa macho, kaka. Ipimie kazi. Wifi, lete jagi."

Nilikimbia jikoni nikarudi na jagi letu la maji ya kunywa.

"Wee! Unataka kutuua?" wifi alipiga kelele. "Chombo kikiguswa na dawa hakirudi jikoni, hata ukioshe mara mia!"

Nilirudisha jagi mbio. Wifi akatoa la kwake lenye alama za lita. Aliirudishia pampu, akafunga vali ya upande mmoja wa bomba, ili pampu ile iliyochoka iweze kufikisha presha tunayotumia kazini. Kioo akawasha. Mimi nikakinga nozeli moja kwa dakika moja.

"Lita moja na nusu!" nilisema.

"Nozeli ishirini?"

"Lita thelathini," alijibu Kioo upesi.

"Safi. Lakini sehemu ya maji lazima irudi tangini kukoroga unga, usituame. Kwa tangi hili, ongeza ishirini. Ni hamsini. Ongeza tena kumi, kwa sababu pampu ikizeeka nguvu inapungua. Tafuta ya lita sitini kwa dakika, inayofikisha presha yenu na inayostahimili dawa ya unga, yaani yenye utando wa mpira. Pia iendane na mwendo wa shafti ya trekta, ule mhimili unaoizungusha pampu."

Dukani muuzaji alimvuta Kioo kwenye ile pampu ya ndama. Mume wangu aliitazama kwa huzuni, akameza mate. Lakini alisema, "Hapana, nataka ya lita sitini, yenye utando wa mpira." Nilijivunia mwanaume wangu, acha tu.

Katika pampu hiyo, utando wa mpira ndio unaosukuma dawa. Dawa haigusi mafuta wala vyuma vinavyozunguka. Wifi alipoifunga, alimwonyesha Kioo kidirisha cha mafuta.

"Kagua hapa kila asubuhi. Mafuta yakiwa meupe kama maziwa, utando umepasuka. Simama hapohapo, uniite. Chujio lisafishwe kila siku. Tangi likiisha, zima pampu, isizunguke kavu. Na ukimaliza kazi, suuza tangi na upitishe maji safi kwenye pampu na nozeli zote. Maji hayo yapulizie shambani, usimwage uani."

"Na nozeli ikiziba, nipulize kwa mdomo?" Kioo aliuliza.

"Puliza, kesho tukuzike. Tumia brashi laini, bwana! Na usiguse shafti ikizunguka. Kifuniko chake kikae mahali pake siku zote."

Kesho yake upepo ulikuwa umetulia. Tulipulizia shamba la mama. Nozeli zote ishirini zilitoa sawasawa, na sindano ya geji ilitulia tuli. Kioo aliimba mpaka sauti ikakauka. Jioni, kabla hata hajashika kitambaa cha kung'arishia, alisuuza pampu.

Mahindi yalipofika magotini, mama alituita shambani. Tulimkuta ameshika jembe. Jembe la nini tena? Alitembea mstari kwa mstari, akiinama na kutafuta. Sisi tulisubiri pembeni, Kioo amenishika mkono kwa nguvu mpaka vidole vikaniuma.

Mama alirudi polepole. Jembe lilikuwa safi, halina hata udongo.

"Mkwe wangu," alisema, "umenibebesha jembe bure na goti langu hili."

Akamnyooshea Kioo lile jembe.

"Haya, nibebee mwenyewe. Na lile shamba langu la bondeni, nalo msimu ujao mtalima nyinyi."

Kioo alilipokea jembe, akaliweka begani, akaanza kucheza katikati ya mahindi. Mama alimtazama, akanitazama mimi, akacheka mpaka machozi yakamtoka.