Mchumba wa Fundi Viatu

Saa ya watu kutoka kazini, njia ya chini ya ardhi mjini Minsk ilijaa mabuti na matope ya theluji. Jadviha alipita akichechemea, kisigino kimevunjika, amevaa koti jeupe na skafu nyekundu. Ryhor, fundi viatu, akamvuta kibandani.

"Dada, unataka kulala rumande? Nyeupe na nyekundu pamoja! Hizo rangi za wapinzani."

"Ni baridi, kaka, si siasa."

"Kawaambie polisi hivyo." Akamvika skafu yake ya kijivu. "Kisigino nakutengenezea bure. Skafu utairudisha Jumapili."

"Mjanja wewe!"

Theluji ilipoyeyuka walikuwa wachumba. Jadviha aliandika kwa siri habari za wafungwa katika gazeti lililopigwa marufuku. Hata kulisoma ni kosa. Kwa hiyo kila asubuhi Ryhor alisafisha simu, kama wafanyavyo watu wa mji huu: alifuta picha, namba, hata busu alilotumiwa.

"Unanifuta kila siku, mpenzi?"

"Kwani si nimekukariri, malkia wangu?"

Mchana mmoja Jadviha akampigia.

"Kipenzi, umekula?"

"Umekosea namba, mama," Ryhor akajibu, akakata.

Mama! Yeye, wa miaka ishirini na saba! Hasira zikamtangulia akili. Akaandika: "Habari yangu imetoka leo, nawe unanikana?"

Simu ya Ryhor ilikuwa mkononi mwa askari aliyekuwa akikagua vibanda.

Siku ya nne tangu Ryhor akamatwe, Jadviha akajiwa na Taisa, mama mmoja wa shirika linalotetea waandishi.

"Gari liko tayari, mwanangu. Jioni utakuwa Lithuania."

"Na Ryhor?"

"Wakili wamemkataza kumwona. Hatujui amesema nini."

"Basi anadhani nimemtupa. Gerezani wanapokea vitu kutoka kwa ndugu au mchumba tu, naye ni yatima. Nitampelekea mimi."

"Watakukamata!"

"Na wanikamate."

Kwenye dirisha la gereza askari akauliza, "Wewe nani wake?"

"Mchumba wake."

Askari akasoma kitambulisho, akalitafuta jina la Ryhor kwenye orodha ya mahabusu, akatabasamu.

"Siku nne anakataa katakata. Anasema yeye hamjui mwandishi yeyote, ujumbe ulikosea njia. Kesho tungemwachia. Asante, bibie."

Akapokea mfuko wa soksi za sufu na chai, akauweka sakafuni. Mlango wa pembeni ukafunguliwa.

"Si mchumba wangu," Jadviha akasema upesi. "Hata simjui!"

Askari alikuwa amekwisha kuandika.