Sehemu ya Pili, Mimi na Mume Wangu

Siku ya gulio, mwaka 1968, ofisi ya ujenzi pale Same ilijaa watu hadi barazani. Rogathe, fundi cherehani, alipenya mpaka dirishani, gauni lake la maua mekundu limepigwa pasi, ramani mkononi.

"Ndugu karani, nataka kibali. Nyumba yetu igawanywe sehemu mbili, kila moja na mlango wake."

Karani alikuwa Eliufoo, shati jeupe, kalamu mbili mfukoni. Aliitazama ramani, akamtazama mwenye ramani, akasahau alichokuwa anasoma.

"Jiko moja tu, dada? Bwana afya atakataa."

"Basi chora la pili. Kalamu unazo mbili."

Wiki mbili walichora: jiko, choo, ukuta wa kati. Kila jioni Eliufoo alimsindikiza hadi kwao, na Rogathe hakuficha kwamba anampenda.

"Lala salama, mchoraji wangu."

"Nitalalaje, na wewe umeondoka na usingizi?"

Kibali kilihitajika upesi. Kaka mtu alikwishasema kwamba Rogathe akiolewa, mama yao atapandishwa mlimani Vudee akakae kwake. Mama hakutaka kuiacha nyumba aliyoijenga na marehemu mumewe. Kamati ya vibali ilikuwa ikae Ijumaa.

Jumatatu Rogathe akaleta fomu. Eliufoo akasoma penye wakaaji: sehemu ya kwanza, mama; sehemu ya pili, mimi na mume wangu. Mume! Akaisukumiza chini kabisa ya mafaili, na jioni hiyo hakumsindikiza mtu. Mtumishi wa umma mzima!

Alhamisi Rogathe alirudi, kilemba kimekaa upande kwa hasira.

"Faili langu liko wapi?"

"Kamuulize mumeo."

"Mume gani?"

"Uliyemwandika."

"Eliufoo! Wanaume watatu wamenitaka, wote wanataka nimwache mama. Nikaapa, atakayenioa atakaa mlango wa pili. Nimemwekea nafasi kabla sijampata. Na nilidhani nimempata."

Foleni nzima ilinyoosha shingo. Eliufoo aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Akaichomoa fomu.

"Nisamehe, mpenzi. Ila fomu hii ina upungufu. Jina la mume halimo."

"Kalamu unazo mbili," alisema Rogathe, machozi yakimlengalenga.

Eliufoo akaandika jina lake mwenyewe, herufi moja moja. Kisha akalibeba faili hadi mezani kwa mkuu wake.

"Shikamoo, mzee. Faili hili liingie kikao cha kesho, lakini mpe karani mwingine. Mimi siruhusiwi kulishika. Ni la nyumbani kwangu."