Kwani Mnajuana?

Kompyuta zote za kaunta ziliganda kwa mkupuo, na ukumbi wa duka la dawa la jumla na rejareja ulikuwa umefurika. Dada Stoo, kama wapakiaji walivyomwita mkuu wao, alitoka ofisini na gauni lake la maua ya njano, kalamu imechomekwa kwenye nywele, akiwaomba radhi watu ambao radhi hawakuitaka.

"Dada, hiyo programu mnailipia?" aliuliza kijana mwenye kofia ya sufu, ameshika cheti cha dawa za mama yake.

"Tena ghali."

"Basi mnalipia mateso. Yangu ni ya bure, na haigandi."

"Kizuri chajiuza, kaka. Mbona yako inajitembeza?"

Kijana alicheka mpaka kofia ikamtoka. Alipoondoka na dawa, aliondoka na namba ya simu pia, na mapenzi yakaingia bila kubisha hodi.

Kofia, ndivyo alivyomwita, alikuwa ameianzisha programu yake ya kusimamia stoo pamoja na Sharubu, rafiki wa chanda na pete. Ilikuwa programu huria: yeyote aliweza kuitumia, kuifungua na kuirekebisha, na kila rekebisho liliwekwa hadharani na jina la aliyelifanya. Kisha wawili hao wakagombania nani awe na neno la mwisho. Wenzao wakagawanyika, kila kundi na programu yake, na makampuni yakawaogopa wote.

"Mpenzi, wakurugenzi wanauliza, ikiharibika tumpigie nani?" Dada Stoo alimwambia kwenye simu. "Nyinyi hata salamu hamna."

"Wampigie mwenye sauti tamu."

"Wewe cheka tu. Nimewapigia debe mpaka sauti imekauka."

Mwishowe aliwaita wote wawili kantini. Walikaa wamenuna, chai inapoa.

"Vita vya panzi, furaha ya kunguru," akawaambia. "Na kunguru mwenyewe ndiye aliyetuuzia hii inayoganda."

Sharubu ndiye aliyeanza kucheka. Hawakuinuka mpaka walipokubaliana kurudi kwenye programu moja, chini ya kamati ya watu wa pande zote mbili.

Siku ya kikao na wakurugenzi walikuja wamevaa makoti, Kofia kichwa wazi, nywele zimelala. Mambo yalikuwa yakienda vizuri mpaka mwenyekiti alipovua miwani.

"Mkuu wa stoo, hawa mnajuana nje ya kazi?"

Dada Stoo alipiga hesabu. Akisema ndiyo, ataambiwa ameleta mpenzi wake kufanya biashara, na jasho la watu wote wale litapotea bure.

"Hapana. Tunajuana kikazi tu."

Kofia aliinamisha macho mezani, na hakuyainua tena.

"Umenikana," alimwambia baadaye kwenye simu.

"Nilikuwa naokoa kazi yenu!"

"Kwetu mtu akirekebisha hata nukta, jina lake linabaki. Wewe umenifuta nikiwa nimekaa pale pale, kipenzi."

"Ulitaka niseme nini?"

Simu ilikatwa. Dada Stoo akapiga tena na tena, haikupokelewa.

Lakini njia ya mwongo ni fupi. Sharubu alimwuliza Kofia kilichomnunisha, na Kofia, asiyejua kudanganya, akamweleza. Sharubu akampigia Dada Stoo akifoka.

"Kumbe ni mpenzi wako! Basi huo umoja ulikuwa wa kumbeba yeye. Mimi na watu wangu tunatoka."

Dada Stoo aliona aibu mpaka miguuni. Kwa neno moja alikuwa amevunja vyote viwili, umoja aliousuka na penzi lake. Kesho yake alimfuata mwenyekiti na kumwambia kila kitu.

"Afadhali ungesema mapema," mwenyekiti alisema. "Mradi atausimamia mwingine. Wewe utarudi kaunta."

Kaunta, alikoanzia kazi! Alilia chooni, akanawa uso, akampigia Sharubu na kumweleza.

Sharubu alishusha sauti. "Umesema mwenyewe, bila kulazimishwa?"

"Mwenyewe."

"Basi hatutoki, shemeji."

Neno hilo lilimchoma, maana Kofia alikuwa bado hapokei simu zake.

Ukumbi ulifurika tena siku kompyuta zilipoganda kwa mara nyingine. Dada Stoo alinyoosha mkono bila kutazama.

"Cheti."

"Wakurugenzi wamekubali kuijaribu programu yetu kwenye tawi moja," ilisema sauti aliyoijua. Kofia ya sufu ilikuwa mbele yake. "Umepoteza cheo kwa ajili yetu."

"Nimekipoteza kwa kudanganya. Na wewe nilikupoteza hivyo hivyo."

Kofia aliivua kofia, akaiminya mikononi.

"Mimi nilikususa badala ya kukusikiliza. Nisamehe. Nataka nikuoe. Ukinikataa, nikatae hapa hapa, watu wakisikia."

Machozi yalimlenga. Nyuma, mama mmoja aligonga kaunta.

"Nyie, watu tunaumwa! Kwani mnajuana?"

Foleni nzima iligeuka. Dada Stoo alipandisha sauti, hata wa mlangoni asikie.

"Ndiyo, mama. Huyu ni mchumba wangu."